Mkataba Usubiri Mtihani

Kila Ligi Kuu inapokwenda mapumzikoni, sisi mashabiki wa Nzoia Sugar tunaoishi huku Kitale huingia katika msimu mwingine, msimu wa majina. Fulani anakuja, fulani anafunganya virago, kipa mgeni ameonekana Bungoma mjini na begi lake. Katika chumba cha walimu shuleni kwetu gazeti husomwa kuanzia ukurasa wa nyuma, na mwalimu wa hisabati, ambaye ni Gor Mahia damu, hunihesabia kwa vidole wachezaji wetu walioondoka.

Hesabu yake, kwa bahati mbaya, ni sahihi. Katikati ya msimu wa 2018 kiungo Lawrence Juma alituacha akajiunga na hao hao Gor Mahia. Mwaka uo huo Elvis Rupia, aliyekuwa miongoni mwa wafungaji wa mbele kabisa katika ligi, akavuka mipaka hadi Zambia kuichezea Power Dynamos. Baadaye alirejea nchini, na katika msimu wa 2022/23, akiwa na Police, alitikisa nyavu mara 27 na kuivunja rekodi ya mabao 26 ambayo Maurice Ochieng 'Sonyi' aliiweka mwaka wa 1976. Msimu uliofuata sisi tuliteremka daraja. Msomaji na apime mwenyewe.

Wachezaji kuondoka si ajabu. Mpira ni kazi, na kazi hufuata mshahara. Linalonikera ni kilio cha mashabiki wenzangu katika uwanja wa Sudi kila pengo linapotokea. Hudai jina kubwa kutoka Nairobi, hata kama mwenye jina hilo miguu imekwisha kumchoka. Kutoka Kitale hadi Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, mtu hupita shule zenye viwanja vilivyojaa vipaji. St Anthony's ya Kitale ni jina linalojulikana nchi nzima kwa kandanda. Kwa nini basi tuyatembeze macho mbali? Mcheza kwao hutuzwa, lakini sisi tumegeuza: wa kwao huachwa atuzwe na wengine.

Hata hivyo, nikiwa mwalimu, nina sharti moja, na hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya mashabiki wenzangu.

Zamani ligi yetu ilianza karibu na Februari na kumalizika mwishoni mwa mwaka. Mapumziko yake, pamoja na shughuli zote za usajili, yaliangukia Desemba na Januari. Wakati huo mtahiniwa wa kidato cha nne alikuwa amekwisha kuweka kalamu chini, na kocha angeweza kubisha hodi kwao bila kumkosesha kijana somo hata moja. Kuanzia msimu wa 2018/19 kalenda ilibadilishwa ili ilingane na ile ya Ulaya. Sasa usajili mkubwa hufanyika kati ya Juni na Agosti, yaani muhula wa pili, katika kipindi kile kile cha mashindano ya soka ya shule za upili. Wasaka vipaji huja viwanjani na mikataba mfukoni, huku mtihani wa kitaifa ukiwa umebakiza miezi michache tu.

Mwanafunzi wangu mmoja, winga mwenye mbio za swara, alinijia muhula kama huo akiwa na karatasi mbili aliyopewa na wakala wa timu ambayo sitaitaja. Alitakiwa aripoti kambini baada ya juma moja. Nilizisoma mara mbili. Palikuwa na mahali pa kutia sahihi, na faini kama angechelewa mazoezini. Juu ya masomo yake hapakuwa na neno, wala juu ya matibabu endapo angevunjika mguu. 'Mwalimu,' aliniambia, 'nafasi hairudi mara mbili.' Kijana wa miaka 17 akikwambia hivyo, na kwao mahindi yamekauka, huwezi kumjibu kwa methali.

Shule yenyewe haiambulii kitu. Kanuni za FIFA zinaweka fidia ya malezi kwa klabu zilizomfunza mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 21, lakini shule isiyosajiliwa kuwa klabu haimo katika hesabu hiyo. Kocha wa shule aliyemfundisha mtoto kupiga krosi hubaki na chaki yake.

Lipo dirisha dogo la usajili katikati ya msimu, mwezi wa Januari. Ombi langu kwa wakuu wa Nzoia Sugar ni kwamba wafike viwanja vya shule muhula wa pili, waandike majina, wazungumze na wazazi mbele ya mwalimu mkuu, kisha wangoje. Kwa klabu isiyoweza kushindana na Nairobi kwa fedha, kijana wa Kiminini atakayelala kwao na kufika mazoezini kwa matatu ni nafuu kuliko mgeni wa kupangishiwa nyumba.

Winga wangu alizirudisha zile karatasi bila sahihi, baada ya mama yake kuja shuleni tukazungumza jioni nzima. Mtihani aliufanya. Januari ilipofika, wakala yule hakupokea simu. Kijana bado anafanya mazoezi kila alasiri katika uwanja wa mtaani kwao, na kutoka hapo hadi Sudi ni nauli ya matatu tu.