Nywele Zinaponyonyoka kwa Dawa za Saratani



Tunapotembelea wagonjwa Kishanda, tunakutana na akina mama waliotoka kutibiwa Bugando, Mwanza, vichwa vimefunikwa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983. Hadi leo mtu akikonda na kunyonyoka nywele, minong'ono huanza. Tuujue ukweli.

Dawa za saratani hushambulia seli zinazogawanyika haraka, zikiwemo za mizizi ya nywele. Kwa kawaida nywele huanza kutoka wiki 2 hadi 4 baada ya dozi ya kwanza, ingawa si kwa kila dawa. Tiba ikiisha, mara nyingi huota tena ndani ya miezi 3 hadi 6.

Ni vema kuzipunguza mapema kwa mkasi au mashine. Wembe huchubua, na kinga ikiwa imeshuka hata kidonda kidogo ni hatari. Kilemba cha pamba, au khanga iliyokwisha kulainika, hufyonza jasho. Nailoni huteleza na kuleta joto. Wigi likiwasha, liwekwe kando. Juani, kichwa kifunikwe.

Nyumbani, anayetaka kukaa wazi aachwe. Nasi tukimkuta kanisani, tumsalimie kama zamani, bila kukikodolea macho kilemba chake.