Drili ya Chaji: Tazama Seli, Usitazame Lebo

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi utakuta drili za chaji zilizoandikwa 48V, 88V, hata 128V, tena kwa bei ya kutupwa. Pembeni ipo ya kampuni yenye jina, imeandikwa 18V tu, na bei yake inatisha. Mnunuzi mgeni huona ameokota dodo.

Sasa chukua betri ya hiyo 88V, ulegeze skrubu zake. Mara nyingi ndani mna seli tano za lithiamu, kila moja milimita 18 kwa 65, zimeungwa kwa mfululizo. (Bisibisi isiunganishe ncha za betri, huwaka kweli.) Seli moja hutoa volti 3.6, kwa hiyo tano ni 18. Ikitoka kwenye chaja imeshiba hufika 4.2, jumla 21. Basi 18V na zile zinazoandikwa 20V ni ndugu wa tumbo moja, na hiyo 88 ni kazi ya mchapa lebo.

Kinachompandisha fundi juu ya paa na kumshusha kazi ikiwa imekwisha ni ampea-saa. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 hubeba wati-saa 72. Drili ya waya ya wati 700 ingezimaliza kwa dakika kama sita za kukandamiza mfululizo. Kwa mbao, mabati na skrubu zinatosha, maana unatoboa kidogo na kupumzika. Zege ni habari nyingine: huko jenereta bado ni mfalme, kwa kelele zake zote.

Kutoboa mbali na soketi si jambo geni kwetu. Mafundi wa majahazi wa Lamu walitumia keke, wakiizungusha kwa uta ili msumari usipasue ubao. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, ikitumia nikeli na kadimiamu; lithiamu ilikuja kushika soko baada ya 2005.

Wapo wanaofunga inveta kwenye betri ya gari ili waendeshe drili ya waya. Inawezekana, ila wati 600 kutoka volti 12 ni ampea 50 na zaidi, na waya mwembamba utayeyuka.

Kabla hujalipia drili, uliza bei ya betri ya pili, maana ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye drili ya nyingine. Kama duka halina betri ya akiba, nenda duka jingine.