Ni Nani Aliyezihesabu Siku 21?

Katika nasaha zinazoenea siku hizi juu ya namna ya kuitengeneza nafsi, ni chache zilizopata umaarufu wa ile isemayo kwamba mtu akilishika jambo kwa siku 21 mfululizo, liwe ni kutembea alfajiri, kunywa chai bila sukari au kulala mapema, basi jambo hilo huwa limekwisha kuwa mazoea yake, wala hatahitaji tena kujihimiza. Wanenaji wa semina huisema, wauza vitabu huipiga chapa kwenye majalada, na simu zetu hutuletea asubuhi pamoja na picha ya jua linalochomoza. Idadi yenyewe ina mvuto wake, kwani si fupi hata idhaniwe hadaa, wala si ndefu hata imvunje mtu moyo kabla hajaanza; lakini dai lenye hesabu kamili namna hiyo lastahili kuulizwa ni nani aliyehesabu, na alikuwa akihesabu nini.

Wenye kufuatilia asili yake aghalabu humfikia Maxwell Maltz, tabibu wa Marekani aliyekuwa akirekebisha sura za watu kwa upasuaji, ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu kiitwacho Psycho-Cybernetics, nacho kikauzwa kwa mamilioni. Humo alieleza aliyoyaona kwa wagonjwa wake: kwamba mtu aliyetengenezwa uso huchukua yapata siku 21 kabla ya kuizoea sura yake mpya kiooni, na kwamba aliyekatwa mkono au mguu huendelea kukihisi kiungo kisichokuwapo kwa muda kama huo. Hayo hayakuwa majaribio yenye vipimo wala kundi la kulinganishia, bali rai ya tabibu mzoefu. Tena yalihusu kuizoea taswira ya mwili, ambalo ni jambo mbali kabisa na kujenga ada ya kukimbia au ya kupunguza chumvi. Fauka ya hayo, Maltz mwenyewe aliutaja muda huo kuwa ndio wa chini kabisa, na sharti hilo ndilo lililopotea njiani, maana ahadi yenye sharti haiuziki.

Kipimo chenyewe kilikuja karibu nusu karne baadaye, pale Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipotoa, mwaka 2009, matokeo ya uchunguzi wa watu 96, ambao kila mmoja wao alichagua tendo moja la kula, kunywa au kufanya mazoezi, mathalan kula tunda pamoja na chakula cha mchana, akalifungamanisha na wakati maalumu wa siku, akajitahidi kulitenda kila siku kwa majuma 12, huku akijibu maswali yenye kupima kama tendo lile limeanza kumjia lenyewe. Miongoni mwa wale ambao majibu yao yalilingana vyema na mchoro wa hesabu wa watafiti, nao walikuwa 39 tu, namba ya katikati ilikuwa siku 66. Wa haraka alihitaji siku 18, na wa polepole siku 254.

Hapa msomaji makini atasita kidogo. Majuma 12 ni siku 84. Hizo 254 zimetoka wapi? Zimetoka katika makisio: watafiti walitazama namna mazoea ya kila mtu yalivyokuwa yakipanda, kisha wakaurefusha mwelekeo ule hadi siku ambazo hawakuzishuhudia. Si hila, ni njia ya hesabu inayotumiwa na wengi, ila yafaa ijulikane. Na sasa, kama ada ya mambo haya, 66 nayo imevuliwa masharti yake yote na kupandishwa jukwaani badala ya 21, ilhali jambo kubwa lililoonekana London ni upana wa tofauti baina ya mtu na mtu, na baina ya tendo na tendo. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotoka mwaka 2023 baada ya kupitia mamilioni ya kumbukumbu, ulionyesha kwamba mazoea ya kwenda kwenye kumbi za mazoezi hujengeka kwa miezi, na ya wahudumu wa hospitali kunawa mikono hujengeka kwa majuma.

Mwislamu wa pwani hana haja ya kusafiri mbali ili aone kwamba hesabu ya siku peke yake haitoshi. Ramadhani ina siku 29 au 30, zaidi ya zile 21 zinazosifiwa, na katika mwezi huo watu huamka kula daku na kujaa misikitini kwa tarawehe kwa idili isiyo na shaka. Kisha Idi hupita, na si wengi wanaoendelea kuamka saa ile. Sidai kwamba huo ni utafiti, lakini unakubaliana na wasemayo wataalamu wa elimu-nafsi, kwamba mazoea hushikamana na viashiria vya mahali na wakati, na viashiria hivyo vikiondoka, kama vile jirani anayebisha hodi na futari ya pamoja, tendo nalo hukosa cha kuliamsha.

Madhara ya dai hili hayaonekani kwa aliyefanikiwa. Yanaonekana kwa mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeshauriwa apunguze chumvi, akavumilia majuma matatu, na siku ya 22 akauona mchuzi ungali mchapwa kinywani mwake; basi akajihukumu kuwa hana azma, akaurudia mkebe wa chumvi, na kliniki akaionea haya. Mtu huyo hakushindwa na chochote ila na tarehe aliyopangiwa na asiyemjua. Afadhali angeambiwa jambo jingine lililoonekana katika uchunguzi ule wa London, ambalo wauza nasaha hawalitaji: kwamba kukosa siku moja hakukuwarudisha watu mwanzo, na mazoea yaliendelea kujengeka karibu kama kawaida. Lakini hilo lahusu kukosa mara moja moja. Kuacha kwa majuma mfululizo ni habari nyingine.