Penseli Inayopima Chembe: Neno kwa Vijana wa Mbarara na Nakivale

Asikiaye habari za mtambo mkubwa wa CERN, ulio chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, huenda akadhani kwamba elimu ile ni ya mataifa tajiri peke yao. Mtambo huo una mzingo wa kilomita 27, nao hugonganisha protoni zinazokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Sisi hapa Mbarara hatuna mtambo wa namna hiyo. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanyiki handakini. Hufanyika mezani, kwa penseli, karatasi na kompyuta.

Kazi yenyewe ni kukokotoa mapema kile ambacho mtambo utapaswa kukiona. Sisi askari twaweza kuielewa kwa mfano wa mzinga. Mpiga mzinga huanza kwa kukadiria umbali na mwinuko wa mtutu, na hesabu hiyo humfikisha karibu na shabaha tu. Kisha huongeza upepo, joto la hewa na la baruti, na kwa masafa marefu hata mzunguko wa dunia. Wanafizikia wa nadharia nao hupanda daraja baada ya daraja, na kila daraja ni gumu kuliko lililotangulia. Kwa chembe ya Higgs, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, daraja la pili la hesabu liliongeza takriban maradufu makadirio ya kwanza ya wingi wa chembe hizo katika njia kuu ya kuzaliwa kwake. Daraja la nne lilikamilishwa mwaka 2015.

Je, jasho lote hilo lina faida gani? Mwezi Aprili 2022, kikundi cha CDF cha maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, kilitangaza kwamba uzito wa chembe ya W ni megaelektronivolti 80,433, kosa likikadiriwa kuwa 9. Hesabu za nadharia zilikuwa zimetoa 80,357, kwa kosa la 6. Tofauti hiyo haifiki moja katika elfu, lakini ilizidi mno makosa yote mawili, na wengi wakauliza kama nguvu mpya ya maumbile imeonekana. Septemba 2024, kikundi cha CMS cha CERN kikapata 80,360, kwa kosa la 10, jibu linaloafikiana na nadharia. Lau hesabu ya mezani ingalikuwa hafifu, asingalipatikana mtu wa kujua kwamba pana swali.

Abdus Salam wa Pakistan, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na wenzake wawili, alianzisha mwaka 1964 kituo mjini Trieste, Italia, kwa ajili ya wanafizikia wa nchi zinazoendelea. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina taasisi mshirika mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Kutoka Mbarara, chenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 1989, Kigali ni safari ya siku moja.

Lakini njia hiyo huanzia shuleni. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza kuwapokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wamo watu wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na wengi husema Kiswahili hiki hiki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa watoto wao elimu ya msingi sawa na raia. Baada ya hapo ndipo huja vikwazo: ada ya sekondari, walimu wa hisabati, taa ya kusomea usiku, na vyeti vilivyopotea vitani.

Kwa hiyo hatuna budi, wazazi, walimu na viongozi, kuihesabu hisabati miongoni mwa mahitaji ya lazima makazini. Penseli ni rahisi kuipata; lililo adimu ni mwalimu wa kumfundisha kijana jinsi ya kuitumia.