Seva Yetu Imeamkaje?

Wazazi wapendwa, kazi wanazoandika watoto wenu darasa la kompyuta zinatunzwa kwenye mashine moja, ndiyo seva. Ikijaa, mtoto anamaliza insha, anabonyeza kuhifadhi, inagoma.

Basi kila asubuhi sisi walimu tunaipima tukiwa kwenye kompyuta nyingine. Intaneti haihitajiki, waya wa darasani unatosha. Tunaandika ping na jina lake: ikijibu, iko hai. Tunaingia kwa ssh, tunaandika df -h, tunaona diski imejaa kiasi gani. 60% ni salama. Ikifika 90% tunaondoa filamu na nyimbo. Mafaili ya masomo hatuyagusi.

Vijana mliomaliza sekondari, njooni mjifunze. Siku sisi tukiitwa safari, nani ataipima?