Droni Imekimbia: Tutafute Sababu Kabla ya Mkosaji

Siku hizi ni nadra kuona misa ya upadrisho au jubilei ya masista bila droni kuzunguka juu ya mahema. Tumezizoea kiasi kwamba hatuinui tena macho. Tunayainua pale tu moja inapoacha kuisikia rimoti, ikapita juu ya mnara wa kengele na kupotelea upande wa migomba. Hapo husikika maelezo mawili: kijana wa video ni mzembe, au kifaa “kimekimbia chenyewe”. Mwenye kifaa hushika la kwanza, kijana hushika la pili, na kwa kuwa kifaa chenyewe ni cha mamilioni ya shilingi, ugomvi hauishi jioni hiyo.

Maelezo yote mawili yana kasoro moja: yanatoa hukumu kabla ya kuuliza sababu. Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Aristotle kwamba kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Kwa bahati nzuri, droni huziandika nyingi.

Tuanze na namna inavyosimama hewani. Setilaiti za GPS, zilizo umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, huiwezesha kujua iko wapi, mradi izipate angalau nne. Dira ndogo ya kielektroniki huiambia pua yake inaelekea upande gani. Vihisi vingine huiambia kama imeinama na iko juu kiasi gani. Mrushaji akiachia vijiti vya rimoti, kompyuta iliyo ndani ndiyo inayoishikilia mahali pake dhidi ya upepo.

Sasa tuseme dira imedanganywa. Usumaku wa dunia ni dhaifu, kati ya maikrotesla 25 na 65 tu, hivyo nondo zilizo ndani ya zege, spika kubwa au boneti ya gari vyaweza kuuzidi kwa urahisi. Droni ikiwashwa hapo huupokea mwelekeo wa uongo na kupaa nao. Upepo unaisukuma kaskazini. GPS inaona, kompyuta inaamuru irudi kusini. Lakini kusini yake si kusini yetu, kwa hiyo inakwenda pembeni. Kosa bado lipo, basi inaongeza nguvu, na inakwenda pembeni tena. Sisi tulio chini tunaiona ikizunguka kama mwewe, katika duara linalozidi kupanuka. Kosa la dira likizidi nyuzi 90 mambo huwa mabaya zaidi: kila sahihisho linaongeza kosa, na kila kosa linadai sahihisho kubwa kuliko la kwanza. Droni inaondoka kwa kasi yake yote huku “ikiamini” kwamba inarudi mahali pake. Haijaasi amri yoyote. Wenzangu wa darasa la mantiki wataitambua hoja hiyo: umbo lake ni sahihi kabisa, ila imejengwa juu ya msingi wa uongo.

Wakati mwingine kompyuta hugundua kwamba dira na GPS zinapingana, ikaziacha zote mbili. Droni hubaki imenyooka na kimo chake kilekile, lakini hakuna tena anayeizuia isichukuliwe na upepo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde utaipeleka kilomita 6 kwa dakika 10. Huko Wallsend, Uingereza, tarehe 13 Desemba 2019, droni kubwa ya kazi aina ya DJI M600 Pro ilipata hitilafu ya GPS na dira, ikapeperushwa hadi ikagonga paa la nyumba. Wachunguzi wa ajali za ndege hawakuishia kwenye hitilafu. Waliuliza pia kuhusu mazoezi ya mrushaji ya kuiendesha kwa mikono, kwa sababu katika hali hiyo rimoti bado inafanya kazi.

Ushahidi uko wapi? Uko kwenye simu iliyounganishwa na rimoti, na mara nyingi ndani ya droni yenyewe ikipatikana. Mara kadhaa kila sekunde huandikwa idadi ya setilaiti, mwelekeo wa pua, nguvu ya betri na jinsi vijiti vilivyosukumwa. Kwa hiyo usifute programu wala kuiwasha upya simu kwa hasira.

Nimewahi kukaa na kijana mmoja kusoma rekodi kama hiyo, mwajiri wake akiwa ameshaanza kumkata malipo kwa madai kwamba alikuwa akijionyesha kwa wasichana wa kwaya. Rekodi ilionyesha setilaiti za kutosha na betri nzuri. Vijiti vilikuwa vimevutwa kumrudia yeye tangu dalili ya kwanza mpaka mawasiliano yalipokatika. Lakini sekunde chache baada ya kupaa, mwelekeo wa dira uliruka ghafla ilhali vihisi vya mwendo vilisema droni haijageuka. Ilikuwa imerushwa kutoka juu ya mfuniko wa zege wa tangi la maji.

Je, basi hana lawama? Hapa twende polepole. Tarehe 26 Januari 2015 droni ndogo ya dukani ilianguka katika viwanja vya Ikulu ya Marekani. Waendesha mashtaka walisema uchunguzi ulionyesha haikuwa ikifuata rimoti ilipoanguka, wakaamua kutomshtaki mrushaji kwa jinai. Lakini bado yeye ndiye aliyeirusha usiku, katikati ya Washington. Kupoteza udhibiti si tendo la hiari; kuchagua mahali na saa ya kurusha ni tendo la hiari. Rekodi hujibu vizuri swali la kwanza, na la pili huliacha kwetu.

Kwa kijana wetu nilimwambia mwajiri wazi kwamba shtaka la kujionyesha halina msingi, na fedha zilizokatwa kwa shtaka hilo zirudishwe. Kuhusu mfuniko wa tangi tulimwuliza mwenyewe. Alikuwa ameweka droni kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Watu wa itifaki ndio waliomhamishia pale, kwa sababu nyasi zilihitajika kwa magari ya wageni.