Nyonga ya chuma na ukuta wa matope

Wamama, kila mwaka kabla ya mvua tunapaka nyumba upya. Anayepaka simenti juu ya ukuta laini wa matope anajua kitakachotokea: matope yanavimba na kusinyaa kivyake, simenti kivyake, na vipande vinaanguka uani. Mafundi wanaotengeneza nyonga za chuma wamehangaika na jambo hilohilo.

Tunaolea watoto wa SS linatuhusu. Kongo ni kati ya nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa SS duniani. Damu ikiziba kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ule unakufa, na kijana anachechemea angali shuleni. Kwa anayeipata, msaada wa mwisho ni nyonga ya chuma.

Mfupa unachukua muda kushikana na chuma. Kwa hiyo, mnamo 1985 na 1986, madaktari wa Uingereza na Uholanzi walianza kuweka nyonga zilizopakwa hidroksiapatiti, seramiki yenye kalsiamu na fosfati kama madini ya mfupa wenyewe. Mfupa unaipokea kama ndugu. Taabu iko upande wa pili, pale seramiki inapogusa chuma. Inarushwa ikiwa unga ndani ya gesi yenye moto mkali ajabu. Ikipoa, haisinyai sawa na chuma, basi inaweza kupasuka au kubanduka.

Dawa? Kwanza kukwaruza ukuta. Chuma kinapigwa kwa chembe ngumu mpaka kiwe na mikwaruzo, na rangi inapakwa nyembamba, sehemu ndogo tu ya milimita. Japani, Tadashi Kokubo na wenzake wa Kyoto waliacha kupaka kabisa: waliloweka titani katika soda kali, ile ya kupikia sabuni (nani angefikiri!), kisha wakaichoma. Ikiwa mwilini, titani hiyo inajivutia yenyewe madini ya mfupa. Nyonga hizo zilianza kutumika huko mwaka 2007.

Chuma cha mguu uliovunjika ni kingine. Mara nyingi hakipakwi kitu, kinashikwa na skurubu.

Mama ambaye mtoto wake ataambiwa habari ya nyonga, amuulize daktari: itashikwa kwa simenti, au mfupa utaishika wenyewe? Ikiwa ni mfupa, chuma kikitikisika majuma ya kwanza hautashika vizuri, basi magongo yasiachwe kabla daktari hajaruhusu. Na aombe karatasi yenye jina na namba ya nyonga, aitunze pamoja na fishi ya hospitali. Daktari atakayemfungua tena miaka ijayo ataitafuta hiyo kwanza.